Kurudisha Mwisho: Hotuba Kuhusu Mitandao ya Kijamii na Siku Zetu

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa wazazi, walimu na vijana. Inawekwa hapa kama ilivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wetu, wazazi wenzangu, na ninyi vijana ambao mmejitokeza kwa wingi kuliko tulivyotarajia: nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumzia jambo linalomgusa kila mmoja aliyeketi humu ndani, awe na simu mfukoni au awe hana simu lakini anaishi na wenye nazo.

Naomba nianze na swali. Gazeti lina ukurasa wa mwisho. Taarifa ya habari redioni ina dakika ambayo msomaji huwaaga wasikilizaji. Barua huishia kwenye jina la aliyeiandika, na mgeni, hata awe mpenzi wa mazungumzo kiasi gani, kuna wakati huinuka akaaga. Je, ni nani kati yenu amewahi kufika mwisho wa Facebook? Ni nani amewahi kutazama video fupi za TikTok hadi akaambiwa kwamba zimekwisha na kwamba arudi kesho? Sioni mkono hata mmoja, wala sikutarajia kuuona, kwa sababu mwisho huo haupo.

Tunapozungumzia matumizi ya mitandao yaliyopita kiasi, tumezoea kuanza na udhaifu wa watu. Tunasema kijana huyu hana nidhamu, mama yule hajui kujizuia, baba yule amekuwa mtumwa wa simu. Mimi naomba leo tuanzie mahali pengine. Tumepewa kitu ambacho mwisho wake uliondolewa kwa makusudi, kisha tukaachiwa sisi wenyewe, mmoja mmoja, usiku tukiwa tumechoka, kazi ya kujua ni wapi pa kuachia. Ndiyo maana viapo vyetu havidumu. Kinachohitajika ni kuurudisha mwisho pale ulipoondolewa, na hilo ni jambo la kupanga, tena la kupanga kwa pamoja, kabla halijawa jambo la kujikaza.

Nasema uliondolewa kwa makusudi. Je, ninawasingizia watu? Tazameni jinsi mambo yalivyokwenda. Facebook ilianza Februari 2004 katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, na katika siku zake za mwanzo, mtu aliyetaka kujua habari za rafiki yake alilazimika kuufungua ukurasa wa rafiki huyo, akausoma, kisha akaamua kama aende kwa mwingine au aachie hapo. Kila hatua ilikuwa na uamuzi wake. Septemba 2006 kampuni hiyo ikaleta mkondo wa habari, ambao ulikusanya mambo ya marafiki wote na kuyamwaga mahali pamoja, mbele ya macho ya mtumiaji, bila yeye kuchagua aanze na nani. Mwaka huohuo mbunifu wa programu aitwaye Aza Raskin alibuni ukurasa unaojiongeza wenyewe kadiri msomaji anavyoteremka. Kabla ya hapo, ukifika chini ulikuta kitufe cha kwenda ukurasa wa pili, na kitufe kile kilikuwa ni swali: je, unataka kuendelea? Baada ya hapo swali hilo halikuulizwa tena. Raskin mwenyewe amekuja kusema hadharani kwamba anajutia matokeo ya ubunifu wake, na tangu hapo amekuwa miongoni mwa watu wanaoonya kuhusu teknolojia inayoteka umakini wa binadamu.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha Instagram, na naomba mnivumilie nikieleze kwa kituo. Mtandao huo ulianza Oktoba 2010, na kwa miaka kadhaa ulizipanga picha kwa kufuata wakati zilipowekwa, kwa hiyo ukifika kwenye picha uliyoiona jana ulijua kwamba umemaliza. Mwaka 2016 wakaacha mpangilio huo, na badala yake hesabu za kompyuta zikaanza kukisia ni kipi kitakachokushika zaidi na kukitanguliza. Watu wakapoteza alama ya kujua walipofikia. Kisha, mwaka 2018, likatokea jambo ambalo wengi wameshalisahau: Instagram iliweka ujumbe mfupi katikati ya mkondo wake, wa kumwambia mtumiaji kwamba ameshaona kila kipya cha siku mbili zilizopita. Ndugu zangu, ule ulikuwa mwisho! Mtu aliusoma, akaweza kuiweka simu chini na kuendelea na mambo yake. Mwaka 2020, baada ya ujumbe uleule, wakaanza kupanga machapisho yanayopendekezwa kutoka kwa watu ambao hujawahi kuomba kuwafuata. Mlango uliofungwa kwa miaka miwili ukafunguliwa tena. Nauliza, je, kuna ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba wanajua mwisho ni nini, wanaweza kuuweka, na wanaweza kuuondoa?

Sababu yake haijafichwa. Mitandao hii haitutozi ada ya kuingia. Inauza matangazo, na matangazo huonekana zaidi kadiri tunavyokaa zaidi. Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa Facebook, alisema mbele ya hadhara mwaka 2017 kwamba swali lililowaongoza walipokuwa wakiijenga lilikuwa ni namna ya kuchukua sehemu kubwa iwezekanavyo ya muda na umakini wa mtumiaji. Hayo si maneno ya mpinzani wao. Ni maneno ya mtu aliyekuwa mezani.

Sasa, kitu kukosa mwisho hakutoshi kumfunga mtu. Bahari nayo haina mwisho machoni petu, na hakuna anayeitazama mpaka saa nane za usiku. Lazima kuwe na kinachomvuta. Katikati ya karne iliyopita, mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner aliwaweka njiwa katika visanduku vyenye kitufe ukutani, na njiwa akidonoa kitufe alipata chakula. Skinner na mwenzake Charles Ferster, waliochapisha kazi yao mwaka 1957, walibadilisha masharti mara kwa mara ili waone tabia itakavyokuwa. Njiwa aliyelipwa kila baada ya idadi maalumu ya kudonoa alifanya kazi, akalipwa, akapumzika kidogo kabla ya kuanza tena. Ila yule aliyelipwa bila kutabirika, pengine baada ya kudonoa mara chache, pengine baada ya mara nyingi mno, hakupumzika. Alidonoa mfululizo, na hata chakula kilipokatwa kabisa aliendelea kwa muda mrefu kabla ya kukata tamaa.

Simfananishi mtu na njiwa kwa kumdharau. Nasema tu kwamba viumbe wenye ubongo hushikwa zaidi na malipo yasiyotabirika kuliko na malipo ya uhakika. Fikirini mnavyofungua simu. Mara nyingi hakuna kitu. Mara chache kuna jambo dogo la kufurahisha, na siku moja moja kuna ujumbe wa mtu uliyemngoja, habari iliyokushtua, au watu wengi kuliko ulivyotegemea walioipenda picha yako. Kama kingekuwapo kitu kizuri kila unapofungua, ungefungua mara tatu ukatosheka. Kama kisingekuwapo kamwe, ungeacha. Kinachokurudisha ni kule kutojua. Kwa hiyo mzazi anayemwambia mtoto, "Hebu ona, hakuna hata cha maana humo," anasema kweli, lakini ukweli huo haumsaidii mtoto, kwa sababu hata yeye anajua hakuna cha maana. Anachotafuta ni kile ambacho huenda kikawapo safari hii.

Hapa naomba niweke tahadhari. Nimesikia wengi wetu tukiwaita watoto wetu waraibu, na neno hilo tunalipachika haraka mno. Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wake wa kimataifa wa magonjwa ulioanza kutumika Januari 2022, limeutaja ugonjwa unaohusiana na michezo ya kompyuta, lakini halikuitaja mitandao ya kijamii kama ugonjwa unaojitegemea. Wapo watu ambao wamezama kiasi cha kuhitaji msaada wa mtaalamu, na hao tuwapeleke bila aibu. Wengi wetu, hata hivyo, tumo katika hali ya kawaida zaidi: tumejenga mazoea. Wahenga walisema mazoea yana tabu, nao walisema hivyo kabla simu hazijakuwapo.

Sasa tuulize: mazoea haya yanatugharimu nini? Muda, bila shaka, na kila mtu anaweza kuhesabu wa kwake, maana simu nyingi siku hizi zina sehemu ya mipangilio inayoonyesha saa zilizotumika kwa kila programu. Nawasihi mkaiangalie leo. Hata hivyo ningependa tukae zaidi kwenye hasara ambazo hesabu hiyo haizionyeshi.

Mwanafunzi mmoja wa sekondari, binti makini ambaye walimu wake walikuwa wakilalamika kwamba anasinzia darasani, alinieleza usiku wake unavyokuwa. Darasa lao lina kundi la WhatsApp lililoanzishwa kwa ajili ya masomo. Baada ya saa tatu usiku masomo huisha, na mazungumzo huanza. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuaga, kwa sababu anayeondoka mapema ndiye atakayezungumziwa, na kesho yake shuleni watacheka jambo ambalo yeye hakulisoma. Akisoma bila kujibu, alama za bluu, ambazo WhatsApp iliziweka mwishoni mwa mwaka 2014, zinamwezesha aliyeandika kujua kwamba amesoma na amenyamaza. Nilimuuliza kama anayafurahia mazungumzo yale. Akanijibu kwamba karibu wote wanatamani kulala. Sikilizeni vizuri, ndugu zangu: watoto thelathini, kila mmoja kitandani kwake, kila mmoja akitamani kulala, na kila mmoja akimzuia mwenzake. Zamani mtu mzima angetoka nje akasema, "Haya, watoto, kila mtu kwao," na wote wangeshukuru kimoyomoyo. Katika kundi lile hakuna mtu wa kusema hivyo.

Ndiyo maana siamini kwamba tatizo hili litatatuliwa na mtu mmoja mmoja. Binti huyo akizima simu yake peke yake, analipa gharama ambayo hapaswi kuilipa. Kundi zima likiwa na saa ya kufunga, hakuna anayelipa chochote.

Hasara ya pili ni ya umakini, na hii hutokea hata simu ikiwa imenyamaza. Mwaka 2017 Adrian Ward wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti uliowahusu watu karibu 800. Waliwapa mitihani ya kufikiri na kukumbuka, na simu zao zote zilikuwa zimezimwa sauti. Wengine waliziacha mezani, wengine mfukoni au kwenye mkoba, na wengine waliziacha chumba kingine. Waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao simu zao zilikuwa chumba kingine, na waliokuwa nazo mezani walifanya vibaya kuliko wao, ingawa hawakuzigusa na wengi walidai kwamba hawakuzifikiria. Ni haki niseme pia kwamba watafiti wengine waliorudia jaribio la aina hiyo hawakupata tofauti kubwa kila mara, kwa hiyo nisingependa mtu atoke hapa akidhani ni sheria ya maumbile. Lakini jaribuni wenyewe. Soma kurasa kumi za kitabu simu ikiwa mbele yako, kisha soma nyingine kumi ukiwa umeiacha chumba cha mbali, halafu uwe mwamuzi.

Kuhusu usingizi sitasema mengi, kwa kuwa hakuna anayebisha. Mwanga wa kioo tunaoutazama kwa muda mrefu kabla ya kulala huchelewesha homoni ya usingizi, lakini kwa maoni yangu mwanga ni sehemu ndogo ya habari. Sehemu kubwa ni kwamba saa zenyewe zinaliwa, na kwamba mtu anapeleka kitandani ugomvi wa watu asiowajua.

Kuna pia suala la kujilinganisha. Leon Festinger, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1954 kwamba binadamu hujipima kwa kujilinganisha na wengine, hasa wale wanaofanana naye. Wakati huo mtu alijilinganisha na majirani, ambao aliwaona wakiwa na furaha na wakiwa na shida, wakiwa wamevaa vizuri na wakiwa hawajaoga. Leo kijana anajilinganisha na mamia ya watu wa rika lake, na kila mmoja wao amemwonyesha dakika yake bora tu. Vijana wangu, mnaposikia uzito moyoni baada ya kuperuzi, uzito ambao hamjui umetoka wapi, kumbukeni kwamba mmetoka kwenye mashindano ambayo hakuna aliyeingia na sura yake yote.

Najua yupo anayesema moyoni: mzungumzaji huyu anataka tuiache mitandao. La, hasha. Tarehe 4 Oktoba 2021, kosa la kiufundi katika mitambo ya Facebook liliikata Facebook, Instagram na WhatsApp duniani kote kwa muda wa saa sita hivi. Kwa wengine ilikuwa asubuhi, kwa wengine usiku. Nilizungumza baadaye na mama mmoja anayeuza nguo kwa kupitia WhatsApp, akaniambia kwamba kwa saa zile alikuwa kama mtu aliyefungiwa nje ya duka lake mwenyewe. Wateja walimtafuta, asiwaone. Mwanamume mwingine hakuweza kupata habari za mzazi wake aliyekuwa mgonjwa katika nchi ya mbali, kwa sababu familia yao yote imetawanyika na hukutana kwenye kundi moja tu. Mtu asije akawaambia hao kwamba mitandao ni upuuzi. Lakini mama yule aliniambia na jambo la pili, tena bila kuulizwa: kwamba watoto wake wakubwa walitoka vyumbani, wakakaa sebuleni, wakazungumza hadi akashangaa. Mambo yote mawili yalitokea katika saa zilezile sita, na mtu mwaminifu hana budi kuyashika yote mawili.

Basi, je, kupunguza kunasaidia kweli, au ni maneno ya wazee? Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha jaribio lililowahusisha wanafunzi 143. Nusu yao hivi waliendelea na matumizi yao ya kawaida, na wengine walitakiwa wasizidishe dakika 10 kwa siku kwa kila mmoja wa mitandao mitatu, yaani Facebook, Instagram na Snapchat, kwa wiki tatu. Waliopunguza walipungukiwa na upweke na dalili za sonona kuliko wale wa kundi lingine. Angalieni kwamba hawakuambiwa waache. Waliambiwa kuna mwisho, na mwisho huo ulikuwa wazi. Jambo jingine lililonivutia ni kwamba makundi yote mawili yalipungukiwa na wasiwasi, na watafiti waliona kwamba huenda hata kule kujifuatilia matumizi, kujua tu kwamba unahesabu, kulikuwa na faida yake.

Mwaka huohuo, katika wiki za kuelekea uchaguzi wa bunge la Marekani, mchumi Hunt Allcott na wenzake waliwalipa watu kadhaa ili wafunge akaunti zao za Facebook kwa wiki nne. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2020, yanasema kwamba watu hao walipata takriban saa moja kila siku, na sehemu ya saa hiyo waliitumia pamoja na ndugu na marafiki. Furaha yao iliongezeka, ingawa kwa kiasi kidogo. Walijua habari chache zaidi za siasa, na hiyo ni hasara ambayo watafiti hawakuificha. Kilichonipa moyo ni kilichofuata: wiki nne zilipokwisha na kila mtu akawa huru kurudi kama zamani, wengi walirudi kwa kiasi kidogo kuliko mwanzo. Walikuwa wameonja.

Saa moja kila siku! Ni nani kati yetu hajawahi kusema kwamba hana hata saa moja?

Nije kwenye namna ya kufanya. Nawashauri msianze na kuhesabu dakika, kwa kuwa dakika huibiwa kirahisi. Anzeni na mahali na saa. Simu isilale chumba kimoja na mtu. Nunua saa ya kengele ya kukuamsha, ili simu ikose kisingizio cha kulala kichwani pako. Zima arifa zote za mitandao ya kijamii, ubakize za watu wanaokupigia au kukuandikia wewe kwa jina lako, kwa sababu arifa ni njia ya wao kuchagua saa ya kukuita, na wewe unataka uchague mwenyewe saa ya kwenda. Ondoa programu zinazokuvuta kwenye ukurasa wa kwanza wa simu, au uzifute kabisa na uingie kwa kompyuta. Ule usumbufu mdogo wa kuandika nywila ni swali lililorudishwa: je, unataka kuendelea? Zima uchezaji wa video zinazofuatana zenyewe, pale ambapo mipangilio inaruhusu. Kama alama za bluu zinakusukuma kujibu hata usiku wa manane, WhatsApp inakuruhusu kuzizima katika mazungumzo ya watu wawili, ingawa si katika makundi. Zizime, na uwaambie watu wako kwamba utajibu asubuhi.

Halafu liko jambo ambalo watu hulisahau, na kwa kulisahau hurudi palepale baada ya wiki moja. Muda uliookolewa hauwezi kuachwa mtupu. Mtu aliyekuwa anaperuzi kwa sababu ya upweke, ukimnyang'anya simu umemwachia upweke wake mkononi. Jino la pembe si dawa ya pengo, na mazungumzo ya kwenye kioo yamekuwa jino la pembe kwa wengi ambao pengo lao ni rafiki wa kukaa naye. Kwa mtu wa namna hiyo, hatua ya kwanza si kufuta programu. Ni kumtembelea mtu, kujiunga na kwaya au timu, kumpigia dada yake simu na kusikia sauti yake. Programu ataifuta baadaye, na pengine hatakumbuka hata siku aliyoifuta.

Tena msikate tamaa mapema. Watafiti wa chuo cha University College London walioongozwa na Phillippa Lally waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya ndogondogo, na wakakuta kwamba wastani wa muda wa tabia kuwa ya kawaida ulikuwa siku 66, lakini kwa mmoja ilichukua siku 18 na kwa mwingine ilikadiriwa kufikia siku 254. Walikuta pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Kwa hiyo ukiteleza Jumatano, Alhamisi endelea.

Wazazi wenzangu, tunazungumza sana kuhusu sheria. Ufaransa mwaka 2018 ilipitisha sheria ya kuzuia simu katika shule za watoto, na Australia, kuanzia tarehe 10 Desemba 2025, imeitaka mitandao mikubwa iwazuie walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti. Naziunga mkono juhudi za kuyabana makampuni, kwa kuwa wao ndio walioondoa mwisho, na haifai mzigo huo tuachiwe watoto na wazazi peke yetu. Hata hivyo sheria haiketi nasi sebuleni. Mtoto anayemwona baba akiinua simu kila penye ukimya atajifunza kwamba ukimya ni kitu cha kukimbiwa, na hakuna hotuba itakayomfundisha vinginevyo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sheria yoyote tutakayoiweka nyumbani iwahusu wakubwa kwanza: simu zetu ndizo zianze kuwekwa kabatini, watoto wazione zikiwekwa.

Nanyi vijana, sikuja kuwashtaki. Ninyi hamkuujenga mtandao usio na mwisho; mmezaliwa mkaukuta. Ila mna nguvu ambayo sisi hatuna, nayo ni kwamba mko pamoja. Marafiki watano wakikubaliana kwamba baada ya saa fulani hakuna anayeandika, na kwamba aliyelala hasemwi, wamefanya jambo ambalo hakuna mzazi wala waziri anayeweza kuwafanyia. Muanze wachache. Msingoje darasa zima.

Mheshimiwa mwenyekiti, nina ombi moja nalo ndilo la mwisho. Sisi wazazi na walimu tunalo kundi letu la WhatsApp, na wengi wenu mnajua kwamba ujumbe huingia humo mpaka saa tano usiku, nyingine za shule na nyingine zisizo za shule. WhatsApp inawaruhusu wasimamizi kulifunga kundi ili wao peke yao waweze kuandika. Napendekeza kwamba kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kundi letu lifungwe, mwenye dharura apige simu, na walimu watuambie hapahapa iwapo kazi za nyumbani zinaweza kutumwa kabla ya saa hiyo. Naomba pendekezo hili lijadiliwe na kupigiwa kura leo kabla hatujatawanyika, na vijana waliopo wapewe nafasi ya kusema kama wako tayari kufanya hivyohivyo kwenye makundi yao. Asanteni kwa kunisikiliza. Namrudishia mwenyekiti nafasi.